Ngazi za mwangaza wa skrini zipangwe kwa kipimo cha jicho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niwaandikie wanaounda vifaa vyenye skrini, hasa wanaoandika au kurekebisha draiva (programu zinazoendesha vipuri) za kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji. Jambo lenyewe ni dogo ndani ya faili, lakini mtumiaji hukutana nalo kila anapogusa kifaa: namna ngazi za mwangaza wa taa ya nyuma ya skrini zinavyopangwa.

Malalamiko yanajulikana. Mtu anasogeza kitelezi kidogo tu kutoka chini, skrini inaruka kutoka giza hadi mwanga mkali. Akisogeza kutoka katikati hadi juu kabisa, haoni badiliko la maana. Usiku, ngazi ya chini bado inamuumiza macho, na akishuka hatua moja zaidi skrini inazimika. Wengi huambiwa kwamba LED zimechoka, na wengine hubadilishiwa paneli nzima. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kosa liko katika mstari mmoja wa namba, nao hurekebishwa bila hata kufungua kifaa.

Skrini nyingi za LCD huangazwa na LED zilizopangwa nyuma au ukingoni mwa paneli. Kwa kawaida draiva huziwasha na kuzizima haraka mno, na kinachobadilika ni sehemu ya kila kipindi ambayo zinawaka. Njia hiyo ndiyo PWM. LED zikiwaka nusu ya kipindi, asilimia ya kuwaka ni 50, na mwanga unaotoka ni karibu nusu ya mwanga kamili. Jicho ndilo lisilofuata hesabu hiyo. Mshumaa mmoja ukiingizwa katika chumba chenye giza hubadili kila kitu. Ukiwashwa juani hauonekani. Jicho hupima ongezeko kwa kulilinganisha na mwanga uliokuwepo tayari, kwa hiyo hatua zilizo sawa kwenye waya si sawa kwa anayetazama.

Ukubwa wa tofauti hiyo unapimika. Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, CIE, ina fomula ya mwangaza unaohisiwa, kutoka 0 hadi 100. Mtu akiandika jedwali la hatua kumi zilizo sawa, yaani 0 25 51 na kuendelea hadi 255, hatua ya kwanza inatoa asilimia 10 ya mwanga. Kwa fomula hiyo, mwangaza unaohisiwa tayari ni 38. Hatua ya pili inaufikisha 52. Katikati ya kitelezi, penye asilimia 50 ya mwanga, jicho linahisi 76. Hatua ya mwisho, kutoka asilimia 90 hadi 100, inaongeza 4 tu. Hapo ndipo malalamiko yote mawili yanapotoka: mruko wa chini na kutobadilika kwa juu. Hakuna paneli mpya itakayoyaondoa.

Dawa ni kuigeuza fomula. Chagua mwangaza unaotaka uhisiwe, ongeza 16, gawanya kwa 116, kisha upeleke jibu kwenye kipeo cha tatu. Unachopata ni sehemu ya mwanga kamili. Kwa mwangaza wa 8 kushuka chini, gawanya kwa 903.3 na uishie hapo. Ukitaka ngazi kumi zinazopanda kwa kumi kumi, na kipimo cha juu kikiwa 255, namba zinakuwa hizi:

brightness-levels = <0 3 8 16 29 47 72 104 145 195 255>;

Tazama nusu ya kwanza. Ngazi tano za mwanzo zinaishia 47, yaani asilimia 18 tu ya mwanga kamili, na bado jicho linaiona hiyo kuwa nusu. Anayeliona jedwali hili mara ya kwanza hudhani namba za chini zimekosewa, akazipandisha. Asifanye hivyo.

Mfano ulio katika maelezo ya kerneli yenyewe, 0 4 8 16 32 64 128 255, hupanda kwa kuzidisha mbili. Ni bora mara nyingi kuliko hatua sawa, ingawa haujalingana vizuri: hatua ya 4 kwenda 8 inahisiwa kama 8, na ya 128 kwenda 255 kama 24. Kwa kifaa chenye vitufe viwili vya kuongeza na kupunguza, unatosha. Kwa kitelezi, hautoshi.

Sasa nije kwenye draiva yenyewe, iitwayo pwm-backlight, kwa sababu kuna mambo kadhaa ambayo watu huyasoma upande usio wake. Katika mti wa vifaa, yaani faili linaloieleza kerneli ni kifaa gani kimefungwa kwenye pini gani, kifungu cha taa huwa na "pwms", "brightness-levels", "default-brightness-level", na aghalabu "enable-gpios", yaani pini ya kuwezesha taa, na "power-supply", yaani umeme wake.

La kwanza ni maana ya namba ya juu. Kerneli haijui 255 ni nini. Huchukua namba iliyo kubwa kuliko zote katika jedwali na kuihesabu kuwa asilimia 100. Kwa hiyo anayemalizia jedwali kwa 200 akidhani amezuia LED zisizidi asilimia 78, hajazuia chochote: 200 imegeuka kuwa 100 kwa mia. Namuomba kila anayefanya hivyo ili kulinda LED aache leo, kwa sababu LED zake zinapata mkondo kamili. Mkondo wa juu hupangwa kwenye saketi, kwa rezista ya chipu inayoendesha LED. Chipu ikiwa inalinda milivolti 200 kwenye pini ya marejesho na wewe unataka miliampea 20, rezista ni om 10. Kwa mistari mitatu ya LED iliyounganishwa sambamba, miliampea 60, ni om 3.3. Programu si mahali pa kuwekea kinga ya aina hiyo. Kitu kimoja kikivurugika wakati wa kuwaka, pini ya PWM inaweza kubaki juu moja kwa moja, na LED zitapata chochote ambacho rezista inaruhusu.

La pili ni sifuri. Katika draiva hii ngazi ya 0 huzima taa: pini ya kuwezesha inashushwa na umeme wa taa unakatwa. Haijalishi ni namba gani imeandikwa mahali pa kwanza katika jedwali. Ukiandika 10 pale mwanzoni ukitumaini kwamba mtumiaji hatafika gizani kamwe, bado atafika. Tena draiva nyingine hazifanyi hivyo. Kuna ambazo sifuri kwake ni mwanga hafifu kabisa na taa haizimiki. Mwandishi wa programu ya juu hana njia ya kubahatisha. Njia salama ni kitelezi kuanzia 1, na kuzima kufanywe kwa faili la "bl_power", ambalo 0 yake ni kuwasha na 4 ni kuzima. Kumwachia mtu wa kawaida kitelezi kinachoweza kumwacha mbele ya skrini nyeusi, asione hata pa kubonyeza ili arudi, ni kumkosea adabu.

La tatu ni ngazi ya kuanzia. "default-brightness-level" ni nafasi ndani ya jedwali, na kuhesabu huanzia sifuri. Haipokei thamani ya mwanga. Katika jedwali langu la juu, 6 inaelekeza kwenye 72, karibu asilimia 28 ya mwanga, ambayo ni mwanzo mzuri kwa kifaa cha ndani ya nyumba. Akitokea mtu akaandika 128, kerneli itatoa onyo kwamba ngazi hiyo haipo na kuchukua ya juu kabisa. Kifaa kitawaka kwa mwanga wote, na onyo litabaki katika kumbukumbu za dmesg bila msomaji.

Hatari zaidi inatokea watu wanapoongeza "num-interpolated-steps". Sifa hii ni nzuri: kerneli inajaza ngazi kati ya kila namba mbili ulizoandika, kwa mstari ulionyooka. Ukiwa na namba 11 na ukaomba hatua 16, unapata ngazi 161, na "max_brightness" inasomeka 160. Lakini ngazi ya kuanzia nayo sasa inahesabiwa katika hizo 161. Ile 6 ya zamani ilipaswa kuwa 96. Ikiachwa ilivyo, iko ndani ya kipande cha kwanza, kati ya 0 na 3, na kwa kuwa kerneli hugawanya kwa namba kamili, matokeo yake ni 1 kati ya 255, yaani asilimia 0.4 ya mwanga. Kifaa kinawaka vizuri, picha ipo, lakini mtu mchana hawezi kuiona. Hapo ndipo bodi nzima inaporudishwa dukani kwa madai kwamba imekufa.

Ugawaji huo wa namba kamili una madhara mengine. Katika kipande hichohicho cha kwanza, ngazi ya 1 hadi ya 5 zote zinatoka sifuri: umeme wa taa umewashwa, PWM inafanya kazi, na hakuna mwanga. Mtumiaji anapandisha kitelezi mara tano bila kuona kitu. Suluhisho si kupunguza hatua, bali ni kuandika jedwali kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa kuwa kerneli inakubali namba kubwa bila shida. Hesabu ileile kwa kipimo cha 65535 ni hii:

brightness-levels = <0 738 1959 4087 7373 12071 18431 26705 37146 50005 65535>;

Kwa jedwali hili, hatua 16 katika kipande cha kwanza zinapanda kwa takriban 46 kila moja, hakuna inayojirudia, na ngazi ya 1 ni mwanga hafifu wa kweli, kama saketi inaweza kuutoa. Hapo kwenye "kama" nitarudi.

Kuna njia fupi zaidi ambayo nashangaa haitumiki vya kutosha. Tangu mwaka 2018, ukiliacha jedwali kabisa, draiva hii hulitengeneza yenyewe kwa fomula ya CIE, lenye ngazi hadi 4096 kulingana na urefu wa kipindi cha PWM, na ngazi ya kuanzia ikiwekwa katikati. Kwa kipindi cha nanosekunde 50,000 unapata ngazi 3125. Kwa bodi nyingi mpya hili ndilo chaguo sahihi, na ushauri wangu ni kwamba jedwali la mkono liandikwe pale tu ulipopima na kuona sababu. Sababu zipo: chipu isiyowaka chini ya asilimia fulani, au programu ya zamani inayotegemea idadi maalumu ya ngazi. Mazoea ya kunakili mstari wa bodi nyingine si sababu.

Sasa kipindi chenyewe. Sifa ya "pwms" hubeba kidhibiti, namba ya chaneli na kipindi kwa nanosekunde. Nanosekunde 5,000,000 ni hezi 200, na namba hii imenakiliwa kwenye bodi zisizohesabika. Hezi 200 inafanya taa ionekane imetulia ukiitazama moja kwa moja, lakini jicho linaposogea haraka, au kamera inapoelekezwa kwenye skrini, mapigo yanaonekana, na wapo watu wanaoumwa kichwa kwa ajili yake. Pendekezo la IEEE namba 1789 la mwaka 2015 linasema kwamba kwa taa inayozimika kabisa katika kila kipindi, hatari inakuwa ndogo kuanzia hezi 1250, na athari haionekani tena kuanzia hezi 3000. Skrini inayotazamwa saa nane kwa siku haina udhuru wa kuwa chini ya hapo.

Kupandisha masafa kuna gharama zake, na nazitaja kwa sababu watu hupandisha bila kuzipima. Kwanza ni sauti. Kapasita za kauri hujikunja na kujikunjua kidogo kadiri volteji inavyobadilika, na bodi hugeuka kuwa spika. Koili nazo hutetemeka. Masafa yoyote kati ya hezi 20 na kilohezi 20 yanaweza kusikika, hasa usiku, mwanga ukiwa wa chini. Ukienda kilohezi 25, kipindi kikiwa nanosekunde 40,000, mlio unatoka nje ya masikio ya watu.

Hapo sasa unakutana na saa ya kidhibiti. Saa ya megahezi 24 ikigawanywa kwa kilohezi 25 inaacha hatua 960 tu kwa kila kipindi. Ngazi 2500 ambazo kerneli hutengeneza kwa kipindi hicho zitakuwa zinarudia thamani zilezile, hasa chini. Vidhibiti vingine vina kihesabu cha biti 8, kwa hiyo hatua ni 256 hata ufanye nini. Halafu kuna chipu ya LED. Karatasi yake ya data hutaja masafa inayokubali na muda mfupi kabisa wa kuwaka inaoweza kuufuata. Tuseme inataka mikrosekunde 1. Kwa kipindi cha mikrosekunde 40, hiyo ni asilimia 2.5, na kila ngazi iliyo chini ya hapo ama haiwaki ama inacheza. Katika jedwali la 255, ile 3 ya mwanzo ni mikrosekunde 0.47: imekwisha. Asilimia 2.5 inahisiwa kama 18 kati ya 100, ambayo ni nyingi kwa chumba chenye giza. Kwa kilohezi 4, mikrosekunde hiyohiyo moja ni asilimia 0.4, na ngazi za chini zinarudi, ila mlio unaweza kurudi nao. Hakuna jibu moja kwa bodi zote. Chipu zilizo nzuri zaidi kwa jambo hili ni zile zinazoichuja PWM inayoingia na kuigeuza kuwa mkondo ulio tulivu kwenye LED. Hizo hukuwezesha kutumia kilohezi 20 na zaidi bila mapigo kufika machoni. Anayechagua vipuri na asome ukurasa huo kabla bodi haijachapishwa.

Mwangaza ukienda kinyume, yaani ngazi ya juu ikiwa giza na ya chini ikiwaka sana, PWM imegeuzwa. Chipu au transista iliyo kati inapindua ishara. Rekebisha kwa bendera ya kugeuza katika "pwms", ile iitwayo PWM_POLARITY_INVERTED. Nimeona jedwali likiandikwa kwa kushuka, 255 hadi 0, ili kuzunguka tatizo hili. Usifanye hivyo: ishara inabaki imepinduliwa, na jedwali linaficha kosa tu.

Mpangilio wa kuwasha nao una haki yake. Taa ikiwaka kabla picha haijafika kwenye paneli, mtumiaji huona mmweko mweupe au takataka za rangi. Paneli nyingi za LVDS, zinazopokea picha kwa jozi za waya, huomba muda baada ya data kuwa sahihi, aghalabu milisekunde 200, kabla ya taa. Kifungu cha paneli kinapaswa kuitaja taa kwa sifa ya "backlight", ili draiva ya paneli ndiyo iiwashe kwa wakati wake. Kwa upande wa taa, "post-pwm-on-delay-ms" ni subira kati ya PWM kuanza na pini ya kuwezesha kupanda, na "pwm-off-delay-ms" ni subira ya wakati wa kuzima. Kumbuka jambo moja linalowasumbua wengi: paneli ikishaitaja taa, draiva ya taa haiwashi kitu yenyewe, inasubiri paneli. Draiva ya paneli isipopakiwa, taa itabaki imezimwa, "brightness" itakubali namba zote unazoandika, na hakuna kitakachobadilika. Soma "bl_power". Ikisema 4, tatizo liko kwenye paneli. Achana na jedwali.

Kupima si kazi ngumu. Ingia katika /sys/class/backlight, kisha folda ya taa yako. Soma "max_brightness" ujue ngazi ya juu. Andika namba katika "brightness" kwa mamlaka ya msimamizi, kisha soma "actual_brightness". Soma pia faili la "scale", lililoongezwa mwaka 2019: likisema "linear" wakati wewe unaamini umeandika jedwali la jicho, basi kerneli imesoma jedwali tofauti na lile unalolidhania, pengine faili la zamani halijabadilishwa kwenye sehemu ya kuwashia. Kwa PWM yenyewe fungua /sys/kernel/debug/pwm; huko kipindi na muda wa kuwaka vinaandikwa kwa nanosekunde. Vikiwa sahihi na LED haziwaki, shika oskiloskopu na uguse pini. Pini ikiwa kimya, haijaelekezwa kwenye kazi ya PWM na bado ni pini ya kawaida. Folda ya taa isipokuwepo kabisa, soma /sys/kernel/debug/devices_deferred. Mara nyingi utakuta taa inasubiri kidhibiti cha PWM ambacho "status" yake haijawekwa "okay", au ambacho draiva yake haikujengwa ndani ya kerneli. Ule ujumbe wa kerneli za zamani kwamba umeme haukupatikana na regulata ya bandia imetumika, usikuhangaishe kama taa imeunganishwa moja kwa moja na umeme.

Unapojaribu ngazi ya kuanzia, kuwa macho na systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo kifaa kinapowaka. Huduma yake ya systemd-backlight huhifadhi ngazi ya mwisho katika /var/lib/systemd/backlight na kuirudisha kifaa kinapowaka, tena hairuhusu irudi chini ya 1 au asilimia 5 ya ngazi ya juu, iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Watu wamebadilisha mti wa vifaa mara nyingi wakaona hakuna tofauti, kumbe thamani yao iliishi sekunde chache kisha ikafutwa. Futa faili hilo lililohifadhiwa, au washa kwa "systemd.restore_state=0", ndipo upime. Nayo ile asilimia 5 huhesabiwa kwa ngazi bila kujali mwanga. Kwenye jedwali la jicho ni mwanga hafifu sana, kwenye jedwali la hatua sawa ni mwanga unaohisiwa kama 27. Hata kinga ya wengine hufanya kazi vizuri jedwali likiwa sahihi.

Kwa taa zinazoendeshwa kwa I2C, njia ya waya mbili ya kuwasiliana na chipu, sina mengi, ila hili: chipu nyingine zina mkunjo wa jicho ndani yake tayari. LM3630A, kwa mfano, hutumia mkunjo wa kipeo isipokuwa uandike "ti,linear-mapping-mode". Ukiweka jedwali la jicho juu ya chipu iliyokunja tayari, umekunja mara mbili, na nusu nzima ya chini ya kitelezi itakuwa giza. Chagua mahali pamoja pa kukunja.

Kwa paneli za OLED, ambazo kila nukta huwaka yenyewe, hakuna taa ya nyuma. Mwangaza hutumwa kwa amri namba 0x51 ya DCS, seti ya amri za kawaida za paneli. Thamani ikizidi biti 8, mpangilio wa baiti ndio mtego. Paneli nyingi hutaka baiti kubwa itangulie, na kazi ya kawaida ya kerneli hutanguliza ndogo, kwa hiyo iliongezwa nyingine yenye jina linaloishia "_large". Dalili yake ni wazi: mwangaza unapanda na kuanguka tena na tena katika safari moja ya kitelezi.

Kompyuta za mapajani zina hadithi tofauti, kwa sababu huko ngazi mara nyingi hutoka kwa BIOS, programu ya kwanza kuanza kompyuta inapowashwa, kupitia ACPI, majedwali yake ya kuuelezea mfumo wa uendeshaji vifaa vilivyomo. Orodha ya ngazi za mwangaza humo, iitwayo _BCL, huanza na namba mbili ambazo si ngazi za kawaida: ya kwanza ni mwangaza unaopendekezwa kwenye umeme wa ukutani, ya pili kwenye betri, na ngazi zenyewe zinafuata. Anayeandika BIOS akizisahau hizo mbili, ngazi mbili za kwanza zinaweza kusomwa kama mapendekezo hayo. Kwa mtumiaji ambaye vitufe vya mwangaza havifanyi kazi, jaribu "acpi_backlight=native" kwenye mstari wa amri wa kerneli, kisha "video", kisha "vendor", ukiwasha upya kila mara. Tangu kerneli 6.1 mfumo hujitahidi kusajili taa moja tu kwa kila paneli, kwa hiyo ukiona folda mbili za taa kwa skrini moja, kwanza angalia kama kerneli ni ya zamani kuliko hiyo.

Ombi langu la mwisho ni kwa wanaokagua bidhaa kabla haijatoka. Mkague mwangaza katika chumba chenye giza, baada ya macho kuzoea giza hilo, na mpande ngazi moja moja kutoka 1. Kila ngazi ionekane kuwa zaidi ya iliyotangulia, asiwepo anayeona taa ikicheza wala kusikia mlio, na ngazi ya 1 isomeke bila kuumiza. Kisha mrudie jaribio hilo paneli ikiwa imepata joto na pia ikiwa imetoka kwenye baridi, maana kwenye ngazi za chini kabisa chipu zilizo mpakani mwa muda wao mfupi wa kuwaka hubadilika tabia kwa joto.

Wenu,
Mhandisi wa draiva